Kishindo Chini ya Pikapu

Kishindo chenyewe ni kifupi. Hakifanani na mlio wa tairi kupasuka, wala na kelele za ekzosi iliyogonga jiwe. Ni "ta!" moja kavu, kama ukuni uliovunjiwa gotini, kisha injini inanguruma kirahisi mno, kana kwamba haijaunganishwa na kitu chochote. Dereva anakanyaga mafuta, gari halisogei. Waliomtangulia kwa miguu kumtafutia upenyo kati ya mawe na miiba wanageuka, wanarudi mbio, wanainama na kuchungulia. Hakuna kinachovuja. Hakuna kilichopinda. Shafti imekatikia ndani ya ekseli, mahali ambapo jicho halifiki mpaka bolti zifunguliwe.

Mikasa ya namna hiyo haiwashangazi wanaolijua Rhino Charge, shindano la magari ya porini lililoanza nchini Kenya mwaka 1989. Kanuni zake ni chache na ngumu. Kila timu hupewa saa 10 kufika kwenye vituo 13 vilivyotawanywa katika eneo la vilima, makorongo na vichaka, eneo ambalo huwekwa siri hadi siku zinapokaribia. Mshindi si mwenye mbio. Mshindi ni yule aliyevifikia vituo vyote kwa umbali mfupi kuliko wenzake. Kwa hiyo dereva mwenye nia ya kushinda hafuati njia hata kama ipo. Huipima ramani, huchora mstari mnyoofu, halafu hujaribu kuupitisha mstari huo juu ya mawe yenye ukubwa wa ng'ombe aliyelala. Fedha zinazochangwa na timu huenda kwa Rhino Ark, shirika lililoanzishwa na Ken Kuhle mwaka 1988 ili kuwanusuru vifaru weusi wa Aberdare. Michango hiyo ndiyo iliyosaidia kusimamisha uzio wa umeme wa takriban kilomita 400 kuizunguka milima ile, kazi iliyokamilika mwaka 2009.

Watu wengi wanaolitazama shindano hilo huangalia matairi. Ni makubwa, yana meno, yanapendeza kwenye picha. Mafundi wanaoyajenga magari hayo huanza kuangalia mahali pengine: kwenye boriti ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, yenye tumbo la mviringo ambamo meno ya difu yanazunguka ndani ya oili. Hiyo ndiyo ekseli. Na hapo ndipo pikapu nyingi za Afrika Mashariki zinazoitwa za porini zilipoachwa kama zilivyotoka kiwandani, huku juu zimevishwa matairi mapana, springi ndefu, winchi na taa za kutosha kumulika uwanja wa mpira.

Mpangilio huo wa matumizi ya pesa umepinduka, na hesabu ndogo inaonyesha kwa nini.

Chukua injini ambayo karibu kila fundi wa dizeli kutoka Kigoma hadi Garissa ameishika: 1HZ ya Toyota, silinda sita, lita 4.2, bila tabo. Nguvu yake ya kuzungusha ni nyutonimita 285, kiasi cha wastani tu. Lakini nguvu hiyo haifiki kwenye gurudumu ikiwa vilevile. Gia ya kwanza huizidisha zaidi ya mara nne. Dereva akiingiza gia za nguvu, huzidishwa tena takriban mara mbili na nusu. Kisha difu, kwa uwiano wa 4.1, huizidisha mara nyingine. Zidisha zote pamoja: jibu ni zaidi ya nyutonimita 11,500 zinazosubiri kutoka kwa magurudumu. Kwa kawaida mzigo huo hugawanywa, na tairi linapoteleza sehemu kubwa yake hupotea bure kwenye tope. Hatari huja pale gari linapokuwa juu ya mwamba, difu imefungwa kwa loki ili magurudumu ya kushoto na kulia yazunguke pamoja, matatu yananing'inia au kuteleza, na moja peke yake limeng'ang'ania jiwe kavu. Hapo kipande kimoja cha chuma chenye unene unaozidi kidogo tu kidole gumba cha mwanamume hubebeshwa karibu kila kitu ambacho injini na gia zimekipika.

Ndiyo maana dereva wa tope na dereva wa mawe hulia vilio tofauti. Tope husamehe shafti kwa sababu tairi huteleza kabla chuma hakijafikia kikomo. Mwamba hausamehe, hasa gurudumu linapokuwa linazunguka hewani kwa kasi kisha likatua ghafla na kushika. Mshtuko wa sekunde hiyo moja huzidi hesabu yoyote ya karatasini.

Matairi makubwa huongeza tatizo. Tairi la inchi 37 ni fimbo ndefu kuliko la inchi 31. Kwa urefu huohuo wa ziada, takriban asilimia 19, ndivyo shafti na meno ya difu yanavyozidishiwa kazi. Mwenye gari naye huona gari limekuwa zito kuondoka, kwa sababu kila mzunguko mmoja wa ekseli sasa unalisogeza mbali zaidi. Dawa yake ni kubadilisha uwiano wa difu: 4.1 ikizidishwa kwa 37 na kugawanywa kwa 31 huleta 4.89, na si bahati kwamba maduka ya vipuri huuza seti za 4.88. Hapa kuna mtego ambao wachache huambiwa. Ili uwiano upande bila kubadilisha ukubwa wa krauni, lile gurudumu kubwa la meno ndani ya difu, pinioni inayoizungusha lazima iwe ndogo zaidi au yenye meno machache. Yaani fundi anapoirudishia pikapu wepesi wake, wakati huohuo anaidhoofisha pinioni. Kutoka katika mtego huo kwa heshima kunahitaji krauni kubwa zaidi, na krauni kubwa haiingii ndani ya ekseli ndogo.

Kuhusu kuinua gari, pana dhana moja inayostahili kusahihishwa kwa sauti. Springi ndefu huinua chesisi, bodi na dereva. Haziinui difu hata milimita moja. Tumbo la ekseli hubaki palepale lilipokuwa, kwa sababu urefu wake kutoka ardhini huamuliwa na tairi peke yake. Anayetoka inchi 31 kwenda 37 hupata nusu ya tofauti, inchi tatu, sentimita saba na kidogo. Zilizobaki ni za kuyapa matairi nafasi ya kucheza, na za macho ya watu.

Ekseli nzuri hutambuliwa vipi, basi? Jibu la kwanza ni namna inavyobeba uzito. Hilux ya kawaida, gari ambalo limejenga nusu ya maduka ya vijijini kwa kubeba saruji na mabati, ina ekseli ya nyuma ambayo shafti yake hufanya kazi mbili: huzungusha gurudumu na papo hapo hubeba uzito wa gari. Ikikatika karibu na nje, gurudumu linaweza kuondoka nayo. Land Cruiser pikapu ya 79 imejengwa tofauti. Kule nyuma, uzito hubebwa na habu iliyokaa juu ya beringi mbili kwenye mwisho wa boriti, na shafti haina kazi nyingine ila kuzungusha. Mafundi huitambua kwa mbali: katikati ya ringi hutokeza kitovu cha chuma kilichozungukwa na bolti. Shafti ya aina hiyo ikikatika porini, bolti hufunguliwa, vipande huchomolewa huku gari limesimama kwa miguu yake minne, tundu huzibwa, na gari hurudi nyumbani likivutwa na ekseli ya mbele. Wanaofanya kazi Katavi au Turkana, ambako msaada wa karibu unaweza kuwa mwendo wa siku nzima, hawahitaji kuelezwa thamani ya tofauti hiyo.

Jibu la pili ni kipenyo cha krauni. Ya Hilux ni inchi 8. Ya nyuma kwenye Land Cruiser ni 9.5. Inchi moja na nusu huonekana ndogo hadi mtu azishike zote mbili mkononi; moja ni ya kubebwa kwa kiganja, nyingine huomba mikono miwili.

Jibu la tatu liko mbele, na hapo historia ya Hilux ina somo lake. Toyota ilipoitoa Hilux ya kuvuta magurudumu yote manne mwaka 1979, ekseli ya mbele ilikuwa boriti moja nzima iliyokaa juu ya springi bapa. Miaka ya katikati ya 1980 kampuni hiyo ilianza kuiondoa na kuweka mfumo unaoliacha kila gurudumu la mbele lijitegemee, kwa ajili ya utulivu barabarani. Wanunuzi wa Marekani walipata mabadiliko hayo kwa toleo la 1986. Katika masoko mengine, yakiwemo ya Afrika na Australia, boriti iliendelea kuuzwa kwa muda mrefu zaidi kupitia matoleo kama LN106, yaliyodumu hadi karibu mwishoni mwa miaka ya 1990. Hizo ndizo Hilux ambazo mafundi wa porini bado huziulizia, na anayeikuta imesimama nyuma ya kituo cha misheni, imeota nyasi, hupata tabu kuuficha uso wake wakati wa kupatana bei.

Kinachopendwa kwenye boriti si ugumu peke yake. Gurudumu la kushoto linapopanda jiwe, boriti hulisukuma la kulia chini, na tairi hilo hubaki limekanyaga ardhi. Mfumo wa magurudumu yanayojitegemea hauna mazungumzo hayo kati ya kushoto na kulia. Kwenye mawe makubwa, gurudumu moja hupanda na jingine huachwa hewani. Barabarani mambo hugeuka, na boriti ndiyo inayorusharusha abiria. Kila mfumo una mahali pake, na dereva anayekwenda kazini kwa lami siku tano kwa juma hana sababu ya kuionea wivu Hilux ya 1983.

Ndani ya ncha za boriti ya mbele ya Toyota, limefungiwa kwenye bakuli la chuma lililojaa grisi, kuna ungio linaloiwezesha shafti kuzunguka hata gurudumu likiwa limekatwa kona. Chimbuko lake ni kazi ya Alfred Rzeppa, mhandisi wa Ford, miaka ya 1920: mipira sita ya chuma ikitembea kwenye mifereji iliyopindika. Ni kifaa cha akili sana, na ndicho kinachokufa kwanza. Usukani ukiwa umenyooka, ungio hilo huvumilia mengi. Ukikatwa mpaka mwisho huku difu ya mbele imefungwa loki na mguu umezama kwenye mafuta, kikombe chake hupasuka, na hapo ndipo hutoka "ta!" kama ile ya mwanzo wa makala haya. Wengi hutatua kwa kuweka maungio na shafti za chuma kilichochanganywa na kromi na molibdenamu, ambazo huingia mahali pa zile za zamani bila kukata wala kuchomelea kitu. Kwa pikapu ya matairi ya inchi 33 hadi 35 yenye dereva mwenye mguu mwepesi, mara nyingi hapo ndipo safari ya maboresho ingepaswa kuishia.

Wanaopita hapo huingia kwenye ulimwengu wa Dana 60.

Jina hilo lilitoka Marekani. Clarence Spicer, aliyesoma Cornell, alipata hataza ya ungio la propela mwaka 1903 na kufungua kampuni yake mwaka uliofuata, wakati magari mengi yalikuwa bado yanaendeshwa kwa mnyororo kama baiskeli. Charles Dana alijiunga mwaka 1914, na mwaka 1946 kampuni ikachukua jina lake. Ekseli zake zilipewa namba, na wapenzi wa magari wa Marekani huzitaja namba hizo kama mashabiki wanavyotaja jezi za wachezaji. Dana 30, yenye krauni ya inchi 7 na ushei, imekaa mbele ya Jeep nyingi. Dana 44 ina inchi 8.5. Jeep ilipotoa Wrangler Rubicon mwaka 2003, kuwekwa kwa Dana 44 mbele na nyuma pamoja na loki za kiwandani kulikuwa habari kubwa, na gari lilipewa jina la njia ya mawe ya California ambako ekseli ndogo hufia. Dana 60 ina inchi 9.75. Ilitengenezwa kwa ajili ya pikapu za tani moja na malori madogo, magari ya kuvuta matrela ya ng'ombe na mashine za shambani, na ilianza kazi miaka ya 1950. Wajenzi wa magari ya porini huzichomoa kwenye pikapu za Ford zilizokwisha kazi, hasa zile za Super Duty za kuanzia 2005 ambazo ekseli yake ya mbele imekaa juu ya springi za koili. Kwa nyuma wengi huchukua ya General Motors yenye krauni ya inchi 10.5, inayoitwa kwa idadi ya bolti 14 zinazoushikilia mfuniko wa difu yake. Ni chuma kizito, kikiwa na breki zake hukaribia kilo 250.

Msomaji wa Moshi au Nakuru anaweza kudhani hayo ni mambo ya mbali, ya jangwa la Utah. Si ya mbali kiasi hicho. Land Rover za zamani zilisifika kwa mengi na kulaumiwa kwa moja: shafti za nyuma zilizokatika ovyo, kiasi kwamba madereva makini walibeba za akiba. Kwa gari refu la 109, dawa ya kiwandani ikawa ekseli nzito iliyoitwa Salisbury, iliyoendelea kutumika baadaye kwenye 110. Salisbury ile ni ndugu wa damu wa Dana 60. Iliundwa kwa msingi wake, krauni yake ni ya inchi 9.75 vilevile, na vipuri kadhaa vya ndani huingiliana. Maana yake ni kwamba wakati Land Rover zinaunganishwa Thika, katika kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1974 kwa jina la Leyland Kenya, ukoo wa Dana 60 ulikuwa tayari umeshafika na kuanza kubeba walimu, askari wanyamapori na magunia ya mahindi. Mabaki yake bado yapo kwenye yadi za vyuma chakavu, yameegemea ukuta, yakihesabiwa kwa kilo.

Kuipachika ekseli ya gari moja chini ya gari jingine ni kazi inayoonekana rahisi kwa anayeitazama ikiwa imekwisha. Swali la kwanza ni upande: tumbo la difu ya mbele liko kushoto au kulia, na kisanduku cha kugawa nguvu kinatoa propela upande gani? Visipolingana, propela italazimika kupita katikati ya injini. La pili ni upana. Toyota yenyewe hutoa mfano wa ugumu huo: ilipoipanua sehemu ya mbele ya Land Cruiser 70 mwaka 2007 ili injini ya V8 iingie, haikuipanua ekseli ya nyuma, na magurudumu ya nyuma ya V8 hizo yakabaki na wigo mwembamba kuliko ya mbele kwa takriban milimita 95. Kwenye mchanga, matairi ya nyuma hayafuati mifereji iliyochimbwa na ya mbele. Hulazimika kujichimbia yake. Nchini Australia kutengeneza ekseli pana za nyuma kwa ajili ya magari hayo kumekuwa biashara kamili. La tatu ni nati za ringi. Hilux ina sita, Land Cruiser 79 ina tano, Ford za Super Duty zina nane. Anayebadilisha ekseli moja tu hujikuta akibeba matairi mawili ya akiba ya aina tofauti.

Kisha huja kuchomelea, na hapa ndipo gereji za kweli hujitenga na za kubahatisha. Bomba la ekseli hupinda kwa joto. Fundi mzuri huchomelea kidogo, huacha ipoe, huhamia upande wa pili, hurudi, na hupima unyoofu kila hatua. Tumbo la Dana 60 ni chuma cha kusubu, na mabomba yaliyoingizwa ndani yake yanapohitaji kuungwa kwa nguvu zaidi, tumbo hupashwa moto kwanza na baadaye hupozwa polepole. Ukilichomelea likiwa baridi, ufa huja wenyewe, wakati mwingine wiki kadhaa baada ya gari kukabidhiwa. Vishikizo vya springi havifungwi kwa uhakika mpaka gari limewekwa juu ya magurudumu yake, springi zimekandamizwa na kuachiwa, na kila pembe imesomwa upya.

Pembe hizo si urembo. Gurudumu la mbele lazima liwe limelala nyuma kidogo, kama uma wa baiskeli, ili usukani ujirudishe wenyewe baada ya kona. Springi ndefu zikifungwa bila kurekebisha, ekseli huzunguka mbele kidogo na mlalo huo hupungua. Gari halinyooki tena. Dereva hulichunga barabara nzima kama mbuzi mkaidi. Fimbo inayotoka kwenye boksi la usukani na ile inayoishikilia ekseli isiyumbe kushoto na kulia nazo lazima zilale kwa mteremko mmoja. Zisipofanana, kila shimo huugeuza usukani bila dereva kutaka. Gari linaloshinda mlima kisha likamshinda mwenyewe kwenye mteremko wa Kitonga, katikati ya malori, halijaboreshwa.

Breki ni sehemu ambayo akiba ya pesa huwa ya hatari kuliko zote. Tairi kubwa ni zito, na likishashika kasi hutaka nguvu zaidi kulisimamisha, kwa kiasi kilekile lilivyotaka zaidi kulizungusha. Ekseli za malori madogo huja na breki zao kubwa, jambo jema, lakini breki hizo huhitaji oili nyingi zaidi kutoka kwenye pampu kuu, na pampu ndogo ya Hilux huweza kuzikosesha nguvu. Mipira ya breki nayo lazima irefushwe. Wapo waliogundua ufupi wake siku springi ilipotanuka hadi mwisho.

Ndani ya difu, kazi ni kama ya fundi saa. Nafasi ndogo kati ya meno ya pinioni na ya krauni hupimwa kwa geji ya sehemu za milimita. Meno hupakwa rangi, huzungushwa, na alama inayobaki huonyesha kama yanakutana katikati au pembeni. Vipande vyembamba vya chuma huongezwa au kupunguzwa, kila kitu hufungwa tena, na alama husomwa upya. Fundi mwenye haraka huishia kwenye difu inayolia kama nyuki kuanzia kilomita 60 kwa saa. Seti mpya ya meno pia hutaka kulelewa: safari fupi za kwanza bila mzigo, kuacha ipoe, na oili ya kwanza kubadilishwa mapema, mara nyingi kwenye kilomita 800 hivi.

Yapo yanayotolewa sadaka kwa ajili ya nguvu hizo zote. Ekseli nzito huning'inia chini ya springi, na uzito wa chini ya springi ndio unaoisumbua zaidi safari. Kwenye barabara ya changarawe yenye mikunjo kama bati, ekseli nyepesi hufuata mikunjo. Nzito hurushwa, hutua, hurushwa tena, na shokapu huchemka zikijaribu kuituliza. Unywaji wa dizeli hupanda. Mwenye gari hupaswa kuiarifu kampuni ya bima, kwa kuwa mabadiliko makubwa yasiyotajwa ndiyo hutafutwa kwanza siku ya ajali. Na gharama ya ekseli mbili, meno, loki, usukani na breki inaweza kabisa kuzidi thamani ya pikapu kuukuu inayowekewa.

Ndiyo maana mfano unaostahili kutazamwa na wenye pikapu wengi hauko Rhino Charge bali Arusha. Huko Land Cruiser 79 hukatwa chesisi, hurefushwa, hujengewa bodi ya viti vya watalii na paa la kufunguka, kisha hupelekwa Serengeti na Ngorongoro kubeba watu, mizigo, maji na vyakula kila siku ya msimu. Ekseli inayofanya kazi hiyo huweza kuwa ileile ya kiwandani. Hudumu kwa sababu ilichaguliwa ikiwa nzito tangu mwanzo, na kwa sababu kuna mtu anayeitazama kila gari linaporudi.

Kutazama kwenyewe kuna siri moja ambayo haina gharama. Kila ekseli ina tundu la kupumulia. Difu iliyochemka kwa safari ndefu ikizamishwa ghafla kwenye mto wa baridi, hewa iliyomo hunywea, na tundu likiwa limezibwa na tope, ekseli huvuta maji kupitia sili. Oili ikitolewa wiki moja baadaye huwa na rangi ya chai ya maziwa, na beringi zimeanza kutafunwa na kutu. Mpira mwembamba wa mita moja, uliofungwa kwenye tundu hilo na kupandishwa hadi karibu na injini, huokoa ekseli zaidi kuliko jina lolote kubwa la Marekani.

Wapo pia waliolikwepa tatizo kwa njia nyingine kabisa. Unimog, iliyozaliwa Ujerumani baada ya vita kama mashine ya shambani, ina boriti iliyokaa juu ya kitovu cha gurudumu. Seti ya gia ndani ya kila habu hushusha nguvu hadi usawa wa tairi. Difu hupanda juu bila tairi kukua, na kwa kuwa gia za mwisho ziko gurudumuni, shafti hubebeshwa mzigo mdogo zaidi. Leo zipo habu za namna hiyo zinazotengenezwa kwa ajili ya Hilux na Land Cruiser. Ni nzuri, ni ghali, na zina sili na beringi nyingi zaidi za kutunza katika kila kona ya gari.

Saa 10 za Rhino Charge zikitimia, vumbi hutulia na magari hurejea kambini, mengine kwa nguvu zake, mengine kwa kamba. Mwenye gari makini halali kabla hajaweka beseni chini ya difu na kufungua nati ya kumwagia oili. Ncha ya nati hiyo ina sumaku. Ikitoka na uji laini wa kijivu, kama grisi iliyochanganywa na majivu, ni uchakavu wa kawaida wa siku ngumu. Ikitoka na punje, huzipangusa kwenye kitambaa na kuzigeuza kwenye mwanga wa tochi moja moja, akitafuta kipande chenye ukingo mnyoofu unaong'aa, umbo la jino. Asipokiona, huifunga nati, huvuta beseni, na kwenda kulala chali chini ya ekseli ya mbele.